Kiwiko kimenipiga jicho lililopandikizwa konea, nisubiri kliniki?

MamaWawili:
Wakuu, habari za asubuhi. Nina miezi 14 tangu nipandikizwe konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, jicho la kulia, na nyuzi nyingine bado hazijatolewa. Usiku mwanangu kageuka usingizini, kiwiko kikatua jicho lile lile. Maumivu yanavumilika, ila maji yanatiririka tangu saa nane na naona ukungu mtupu. Leo Jumatatu, kliniki ni Alhamisi. Nisubiri nikiendelea na matone yangu? Au nioshe kwanza kwa maji safi? Naogopa kuonekana nakuza mambo.

Kijito:
Pole sana dada. Usisubiri hata mchana. Usioshe, usifikiche, na usijilazimishe kufungua kope ujiangalie kwenye kioo.

MuuguziMacho:
Nimefanya kazi wodi ya macho, nisikilize tafadhali. Konea haina mishipa ya damu, ndiyo maana inapitisha mwanga, na ndiyo maana kidonda chake hupona polepole mno. Matone ya steroidi yanayozuia mwili usiikatae nayo huchelewesha kupona. Aliyebadilishiwa konea unene wote, ule mshono wa mviringo haurudii nguvu ya jicho la kuzaliwa nalo, hata ipite miaka 20. Pigo dogo huweza kuufumua.

Na maumivu madogo yasikudanganye. Mishipa ya fahamu ilikatwa siku ya upasuaji, kwa hiyo konea hiyo haihisi sawasawa.

Kata kitako cha kikombe cha plastiki, kikae juu ya mifupa inayozunguka jicho bila kuligusa, kisha ubandike kwa plasta. Pamba na bandeji ya kukaza hapana. Usile wala kunywa, huenda ukahitaji nusu kaputi. Beba dawa zako zote, na mtu akusindikize.

Tumaini_J:
Mimi ilikuwa mwaka wa tisa baada ya kupandikizwa, mlango wa kabati. Nikasema si kitu, nikakaa siku mbili. Lenzi iliharibika, konea ikabidi ibadilishwe upya. Bado naumia nikikumbuka. Dada, inuka uende.

MamaWawili:
Nimerudi nyumbani jana, naandika kwa jicho moja. Waliweka rangi kwenye jicho, wakamulika kwa mwanga wa bluu: mshono ulikuwa umeachia upande wa chini, na yale niliyodhani machozi yalikuwa maji ya ndani ya jicho. Nimeshonwa usiku ule ule. Lenzi imesalimika. Daktari amesema ni mapema kujua nitaona kiasi gani. Tumaini, maneno yako ndiyo yaliyoninyanyua. Sasa nauliza: usiku nitalalaje na huyu mtoto?

MuuguziMacho:
Alhamdulillah! Mtoto alale kitanda chake kwanza, hata akilia. Wewe vaa kinga ngumu ya jicho kila usiku mpaka daktari wako aseme basi, na mchana miwani ya polikaboneti, ile plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi, hata ukiwa jikoni. Jicho likiwa jekundu, mwanga ukikuchoma, uoni ukishuka au maumivu yakianza, hata dalili moja tu, nenda siku hiyo hiyo. Yaweza kuwa mwili unaikataa konea, na ikiwahiwa mara nyingi matone hutosha kuituliza.

MamaWawili:
Analia kweli, lakini kalala kwake.