Wasichana bwenini wanachanika pembe za mdomo, ulimi mwekundu: ni homa au lishe?

MatroniSgd
Habari za jioni wakuu. Mimi ni matroni wa bweni la wasichana huku Singida. Tangu mvua zikatike naona wengi wanachanika pembe za mdomo, akipiga mwayo damu inatoka. Asubuhi paredini kuna wanaokinga macho kwa kiganja, wanasema jua linawachoma. Jana nilimwambia mmoja wa kidato cha pili atoe ulimi: umeiva, laini, vile vipele vidogo vya kawaida havionekani, na chai ya moto haiwezi kabisa. Wenzake wanasema homa imetokea mdomoni. Wengine, na hili linaniuma sana, wananong'ona kwamba ni ule ugonjwa. Chakula chetu ni uji mweupe, ugali wa sembe na maharage, mchana na jioni. Maziwa hakuna, mboga za majani kiangazi hiki ni za kubahatisha. Nimewapaka vaselini, michaniko inakauka kisha inarudi. Nianzie wapi?

Mnyampaa
Pole matroni. Hiyo ni homa ya ndani, wapake GV siku tatu itaisha. Sisi tulikua hivyo hivyo.

NesiMstaafu
Mnyampaa, kwa heshima, hapana. Malengelenge ya homa huanza na vijipele vyenye maji, na mara nyingi hukaa upande mmoja wa mdomo. Hii iko pembe zote mbili, na imekuja na ulimi na macho. Nimekaa kliniki miaka mingi, na nikiona hayo matatu kwa mtu mmoja, swali langu la kwanza ni amekula nini miezi iliyopita.

Dada matroni, mimi nashuku upungufu wa vitamini B2, yaani riboflavini. Mwili unaitumia kugeuza chakula kuwa nguvu, na akiba yake ni ndogo, kwa hiyo mlo ukiwa duni kwa muda mrefu inaonekana haraka kwenye sehemu zinazojijenga upya kila mara: midomo, ulimi, ngozi ya kando ya pua. Waangalie hapo puani, utaona magamba yenye mafuta. Mwaka 1938 madaktari wa Marekani, Sebrell na Butler, waliwapa wanawake mlo wa mahindi uliokosa B2, na wengi wao wakachanika midomo hivi hivi. Walipopewa riboflavini wakapona.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni damu. B2 ikipungua, mwili unashindwa kutumia vizuri madini ya chuma, na hawa ni wasichana wanaopata hedhi. Ukimwona anahema akipanda ngazi, au viganja vimepauka, usingoje. Wapeleke kituo cha afya wapimwe wingi wa damu na wakaguliwe midomo, maana fangasi na upungufu wa chuma navyo huchana pembe za mdomo, na B2 ni nadra kupungua peke yake.

Na hao wanaonong'ona waite, uwaambie wazi: hakuna anayetambua VVU kwa kutazama midomo. Msichana akishasemwa hivyo bwenini, ataacha hata kwenda kula.

BwaloniKwetu
Mimi ni mpishi wa shule. Bajeti ya maziwa kila siku haipatikani, najua. Anzeni na dagaa ndani ya maharage, na mayai siku mnayoweza. Je, sembe tukibadili kuwa dona inatosha?

NesiMstaafu
Dona ni bora, kwa sababu kukoboa kunaondoa kiini na pumba. Lakini mahindi yenyewe hayana B2 nyingi, msiyategemee. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji kama miligramu 1 kwa siku. Kikombe cha maziwa au mtindi kinampa karibu nusu yake, na kipande kidogo cha maini kinamtosha siku nzima.

Halafu jikoni kwenu: B2 inavumilia moto, ila inayeyuka majini na inaharibiwa na mwanga. Mchicha msiuchemshe na kumwaga maji. Maziwa ya kwenye chupa angavu zilizoanikwa juani stendi, msinunue. Na mlenda wenu wa kukausha, ukausheni kivulini.

MatroniSgd
Asante sana dada. Jumatatu nawapeleka kituo cha afya, na mhasibu nitamwona kuhusu dagaa na mtindi. Mmoja alinunuliwa vidonge vya B komplex na mama yake, sasa analia mkojo umekuwa wa njano kali.

NesiMstaafu
Mtulize, hiyo ni riboflavini iliyozidi inatoka, rangi yake ndiyo hiyo. Aendelee, ila mwambie nesi wa kituo kwamba anavimeza. Michaniko inaweza kuanza kufunga ndani ya siku chache. Asipoona nafuu wiki ya pili, arudishwe, huenda kuna fangasi.