Nimepewa barua ya kujieleza kwa sababu ya emoji ya bastola ya maji. Naombeni ushauri

Nyakato_Binti

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho, siku ya pili hii sijapata usingizi.

Nina miaka 27, ni mhasibu katika kampuni moja hapa Mwanza. Ofisini kwetu mtu akiwa na birthday anamwagiwa maji, kama mnavyojua. Mwezi wa tatu walinivizia mimi kwenye maegesho kwa ndoo mbili, na aliyeshika ndoo ya pili alikuwa mkuu wangu wa kitengo. Mimi Msukuma, yeye Mzaramo, tunataniana tangu siku ya kwanza niliyoripoti kazini.

Jumapili usiku, kuamkia birthday yake, aliposti picha ya keki kule X. Nikamjibu kwa simu yangu, iPhone: "Kesho hutoki ofisini salama. Nimeshajipanga, nakusubiri getini 🔫". Nilichokiona mimi ni kile kibastola cha kijani cha maji, cha kuchezea watoto. Maji yenyewe nilishayaandaa, na wenzangu watatu walikuwa wanajua.

Jumatatu saa mbili asubuhi mlinzi akanizuia getini, akapekua mkoba wangu mbele ya watu. Kumbe mke wa bosi ndiye aliyesoma, tena kwenye kompyuta, na yeye aliona bastola ya kweli. Hanijui. Alikaa na ile picha usiku mzima na mumewe alikuwa ameshalala. Asubuhi akapiga simu ofisini kabla mumewe hajatoka bafuni.

Nimeandikiwa barua: nijieleze ndani ya saa 48 kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kutishia uhai wa mkuu wangu. Kwa hofu nimeifuta ile posti, ila skrinishoti wanayo.

Nimthibitishieje mtu aliyeona bastola kwamba mimi sikutuma bastola? Na nikiomba radhi, si nitakuwa nimekiri kosa?

Fundi_Namba

Pole sana dada. Tulia, jambo lako lina ushahidi, tena wa kuonekana kwa macho.

Unapobonyeza emoji, simu yako haitumi picha, inatuma namba. Ya kwako ni U+1F52B. Shirika la Unicode ndilo linalogawa namba hizi ili simu na kompyuta zote duniani zielewane, na hii iliingia kwenye orodha yao mwaka 2010 kwa jina la bastola, bila neno maji. Jina hilo halijabadilika mpaka leo, kwa sababu utaratibu wao hauruhusu kubadili jina rasmi la herufi iliyokwisha kusajiliwa. Picha ndiyo haina mwenyewe mmoja. Kila kampuni inachora ya kwake.

Agosti 2016 Apple walitangaza kwamba kwenye iOS 10, mfumo mpya wa iPhone, wanaondoa bastola na kuweka ya maji. Wiki hiyohiyo Microsoft, ambao wao ndio walikuwa na bastola ya kuchezea mpaka hapo, wakaweka bastola ya kweli kwenye Windows 10. Yaani walipishana njiani. Ungeandika maneno yako yaleyale iOS 10 ilipotoka Septemba ile, kutoka iPhone kwenda kompyuta ya Windows, yangekukuta haya haya. Ilipofika 2018 Samsung, Twitter, Google, Facebook na Microsoft wote wakahamia kwenye maji, na watu tukaamini jambo limekwisha. Julai 2024 X, ambayo ndiyo Twitter ya zamani, wakarudisha bastola ya kweli kwenye picha zao.

Kwa hiyo wewe uliandikia kwenye iPhone ukaona mchoro wa Apple. Shemeji alifungua X kwenye kompyuta akaona mchoro wa X. Namba ni ileile moja.

Fanya hivi leo. Fungua akaunti ya X ya faragha, ambayo wengine hawaioni, posti emoji hiyo peke yake. Weka simu yako na kompyuta pembeni kwa pembeni, zote zikionyesha posti hiyohiyo, halafu mwombe mtu apige picha moja inayozichukua zote mbili, na saa ya posti ionekane. Pia nenda Emojipedia, pale wamepanga michoro ya kila kampuni kwa emoji hiyo na jinsi ilivyobadilika miaka yote.

Kaka_Mbagala

Mleta uzi, usinichukie. Toa emoji, soma maneno yako matupu: "Hutoki salama. Nimejipanga. Nakusubiri getini." Mimi kama ni mke wa mtu nasoma hivyo saa tano usiku, hata ungeweka ua waridi ningeshtuka. Kampuni za simu zina kosa, lakini usiende kwenye kikao ukasema kosa lote ni la mchoro. Watakugeuzia maneno yako.

Nyakato_Binti

Kaka Mbagala, sikuchukii. Nimeyasoma tena sasa hivi kwa macho ya yule mama na nimetetemeka. Mimi nilikuwa namwandikia mtani wangu, sikufikiria kwamba kule X kila mtu anasoma. Ila bado nauliza: ile emoji ndiyo niliyoiweka ili ionekane ni utani wa maji. Ndiyo iliyokuwa inabeba utani wenyewe. Wao wakaigeuza kuwa silaha ndani ya maneno yangu, na hakuna aliyeniambia.

Mzee_Utumishi

Binti yangu, nimekaa ofisi za utumishi miaka 22 kabla ya kustaafu. Nisikilize kwa makini.

Barua ya kujieleza siyo hukumu. Ijibu ndani ya muda, usipitishe hata dakika, na ujibu kwa ukurasa mmoja. Aya ya kwanza eleza kilichotokea kwa mpangilio wa saa. Ya pili desturi ya kumwagiana maji hapo ofisini, taja tarehe uliyomwagiwa wewe na waliokuwepo. Ya tatu tofauti ya picha, na uambatishe ushahidi aliokuelekeza Fundi. Taja pia kwamba uliifuta posti na kwa nini, usingoje wakuulize, maana kufuta kunaweza kuonekana kama kuficha.

Kuhusu radhi: kuomba radhi kwa hofu uliyosababisha siyo kukiri kwamba ulitishia. Andika waziwazi: "Sikukusudia wala sikutoa tishio. Nasikitika kwa dhati kwa hofu aliyoipata mke wa mkuu wangu." Sentensi mbili tofauti, usizichanganye.

Wakikuita kwenye kikao cha nidhamu, una haki chini ya Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007: upewe muda wa kutosha wa kujiandaa, ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na uingie na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Chukua mmoja wa wale watatu waliojua habari ya maji. Ikitokea umeachishwa, nenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Lakini sioni likifika huko.

La mwisho, na kwangu ndilo zito. Yule mama usimwandikie ujumbe. Tafuta mtu mzima anayeheshimika pande zote mbili akupeleke kwake.

Mama_Columbus

Niko Ohio mwaka wa 14 sasa, na naomba niseme upande mwingine. Wanangu wanafundishwa shuleni kujificha chini ya meza na kunyamaza, wakijiandaa kwa siku mtu mwenye bunduki akiingia. Mdogo alianza mazoezi hayo akiwa chekechea. Apple walipoondoa ile bastola 2016 hawakukurupuka, shirika la New Yorkers Against Gun Violence lilikuwa limeshawaomba mwaka mmoja kabla. Hapa watoto wa shule wameshafikishwa polisi kwa sababu ya emoji hiyo. Mimi nilifurahi, na X waliporudisha niliumia. Dada, ungekuwa huku, mlango wako ungegongwa na polisi usiku uleule.

Fundi_Namba

Mama Columbus, nakuelewa na sikubishii uchungu wako. Ninachopinga ni kitu kimoja. Bastola iliyokwisha kuandikwa kwenye ujumbe wa watu tangu 2010 iligeuka maji kwa siku moja, pamoja na jumbe za zamani. Mtu aliyetishiwa kweli mwaka 2015, akifungua simu yake leo kuonyesha ushahidi, anaonyesha kibastola cha kijani. Kule Valence, Ufaransa, mwaka 2016 kijana alihukumiwa jela kwa kumtumia mpenzi wake wa zamani emoji ya bastola. Ujumbe ule ukiufungua leo kwenye iPhone unaona mchezo wa watoto. Vitisho havijaondoka, vimevalishwa nguo nyingine tu.

Kama walitaka bastola ya maji wangeomba namba mpya. Bunduki ya michezo ilipopendekezwa, ilizuiwa mwaka huohuo 2016 kuwa emoji kabla haijafika kwenye simu za watu. Hiyo ndiyo njia, unakataa mlangoni. Kitu kikishaingia kwenye maneno ya watu huna haki ya kukigeuza.

Mama_Columbus

Basi na X nao hawakuwa na haki ya kukirudisha 2024. Miaka sita watu wote walikuwa wanaona maji, watoto wamekua wakijua ni maji. Huyu binti ana miaka 27, hiyo ndiyo maana aliyoizoea.

Fundi_Namba

Hapo nakubali kabisa. Ndiyo maana kesi yake ina nguvu.

Nesi_wa_Likoni

Mie nesi, kliniki ya watoto hapa Likoni. Nataka kusema si kila mabadiliko ni mabaya. Nilikuwa nikiwatumia kina mama ukumbusho wa siku ya chanjo, naweka emoji ya sindano. Kwenye iPhone ile sindano ilikuwa ikidondoka damu. Mama mmoja wa mara ya kwanza aliniuliza, "Nesi, mtoto wangu atatolewa damu?" Hakuja siku ile, alikuja wiki ya pili baada ya kumfuata nyumbani. Mwaka 2021, wakati wa chanjo za korona, Apple wakaiondoa ile damu na mie nilishukuru sana.

Lakini sindano ilibaki sindano. Waliipangusa tu. Hii ya dada yangu ni kitu kugeuzwa kuwa kitu kingine, toka maji kuwa risasi. Hayo mawili siyaweki kapu moja.

Dadangu, pole. Tena nenda kwa yule bibi na usiende mikono mitupu, hata sukari kilo mbili. Usijitetee mwanzo. Mwache aseme kwanza vile alivyoogopa.

Nyakato_Binti

Wakuu, nimerudi.

Barua nimejibu jana saa tisa alasiri, kama Mzee alivyonielekeza, na nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Jana jioni nilikwenda nyumbani kwa bosi na mama yetu mmoja wa kanisani anayewafahamu. Nilinyamaza kama Nesi alivyosema. Yule mama alizungumza muda mrefu, analia. Alisema mdogo wake aliuawa kwa risasi na majambazi dukani, na kwamba usiku ule alikaa sebuleni taa zimezimwa akihesabu milango. Mimi sikuwa na la kusema, nililia naye.

Baadaye akaniomba nimwonyeshe. Nikaweka simu yangu pembeni ya kompyuta yake ileile. Akaangalia huku, akaangalia kule, mara nyingi. Akauliza, "Sasa hawa wenye kampuni walimuuliza nani?" Sikuwa na jibu. Hakusema amenisamehe, alisema atamwambia mumewe alichokiona, na kwamba sukari ataipokea.

Kikao kipo Alhamisi. Naingia na mwenzangu mmoja. Nimeandaa picha ya simu na kompyuta, na kurasa za Emojipedia zinazoonyesha 2016, 2018 na 2024.

Mzee_Utumishi

Umefanya vizuri sana binti yangu. Kwenye kikao jibu ulichoulizwa, ukimaliza nyamaza.

Kaka_Mbagala

Dada, nilikuwa mkali na sijutii, ila nakuombea. Huyo mama mpe muda.

Fundi_Namba

Kitu kimoja kabla hujakwenda stesheneri. Hizo picha chapisha kwa rangi. Ukichapisha nyeusi na nyeupe, kile kibastola cha kijani kinaonekana kama bastola ya kweli, na utakuwa umewapa ushahidi dhidi yako kwa mkono wako.

Nyakato_Binti

Mungu akubariki kaka. Nilikuwa nimeshachapisha nyeusi na nyeupe, nakala tano. Nimezitoa kwenye bahasha sasa hivi nimeziangalia, na kweli inatisha. Narudi mjini kabla hawajafunga.