Robert Kidiaba: mbwembwe au umahiri?

Swali: Ndugu wanajamvi, kila anapotajwa Robert Kidiaba, aliyekuwa mlinda mlango wa TP Mazembe ya Lubumbashi, watu hukumbuka tu alivyokuwa akirukaruka kwa makalio timu yake ilipofunga bao. Je, bila mbwembwe zile angehesabiwa miongoni mwa makipa wakubwa wa Afrika?

Jibu la 1: Angehesabiwa, tena bila ubishi. Baada ya kutwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2009 na 2010, alikwenda Abu Dhabi katika Kombe la Dunia la Klabu, na huko hakuruhusu bao lolote dhidi ya Pachuca ya Mexico wala Internacional ya Brazil, matokeo yaliyoifanya Mazembe kuwa klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufika fainali ya mashindano hayo. Inter Milan waliwafunga 3-0, lakini hilo halifuti yaliyotangulia.

Jibu la 2: Nakubaliana nawe, ndugu, ingawa mipira ya juu ilinitia wasiwasi daima, kwa kuwa kimo chake kilikuwa kifupi kwa kipa.

Jibu la 3: Kimo alikifidia kwa wepesi na kwa kujipanga mapema. Mwaka 2015, akiwa na miaka 39, aliidakia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoishinda Guinea ya Ikweta kwa mikwaju ya penalti na kushika nafasi ya tatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON).