Mjadala: Anayetaka kukuzuia ndiye athibitishe, au wewe ndiye ujieleze?

Ndugu zangu, tukianza tu kuzungumzia uhuru wa mtu binafsi, lazima atokee wa kusema "uhuru wako unaishia pale wa mwenzako unapoanzia", na wote tunaitikia. Kauli hiyo inatufunga midomo mapema mno. Haisemi mpaka unachorwa na nani, wala kwa ushahidi gani.

Msimamo wangu ni huu: anayetaka kumzuia mwenzake ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha madhara.

Chukueni kesi ya Jacobson huko Marekani. Mwaka 1902, ndui ilipozuka Cambridge, Massachusetts, bodi ya afya iliagiza wakazi wachanjwe. Anayekataa, faini dola 5. Mchungaji Henning Jacobson akagoma, akidai chanjo ilimdhuru tangu utotoni. Alifika mpaka Mahakama ya Juu na mwaka 1905 akashindwa. Hukumu ile naiunga mkono. Ndui iliua na iliambukiza, kwa hiyo aliyekataa chanjo hakuwa akijihatarisha peke yake. Lakini angalieni na kipimo cha adhabu: sheria ile haikumruhusu mtu kumkamata mkono na kumchanja kwa nguvu.

Sasa sogeeni hadi 1927. Mahakama ileile iliruhusu jimbo la Virginia kumfunga uzazi Carrie Buck, msichana aliyebandikwa jina la punguani. Jaji Holmes aliandika kwamba kanuni inayobeba chanjo ya lazima ni pana kiasi cha kubeba na kukata mirija ya uzazi. Kweli? Carrie alikuwa amemwambukiza nani? Madhara yaliyodaiwa ni ya watoto ambao huenda angewazaa. Mpaka uliochorwa kwa sababu njema ukageuzwa kisu, kwa kuwa hakuna aliyebanwa athibitishe upya. Hili linaniuma kila nikilisoma.

Wapo watakaosema: na maadili je? Ni kweli, Tamko la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 29, linayataja maadili miongoni mwa sababu za kuweka mipaka. Linataja pia kwamba mipaka iwe ya kisheria na katika jamii ya kidemokrasia, sehemu ambayo wanaolinukuu huiruka. Kwangu mimi, kuudhika si kudhurika. Mavazi ya jirani yakikukera, geuza macho. Moshi wa sigara yake ukiingia kifuani mwako ndani ya basi lililofungwa madirisha, hapo una kesi, maana huna pa kugeuzia pumzi.

Mkanda wa gari ndio unaonisumbua zaidi. Wengi wanauona kama kumlinda mtu dhidi ya nafsi yake. Ila abiria wa nyuma asiyefunga mkanda, gari likigonga, mwili wake unamrukia aliyekaa mbele. Kumbe hata hapo kuna mwenzako. Kwa mtu mzima anayepanda mlima hatari peke yake sioni sababu ya kumzuia, mradi ameelezwa hatari.

Nyie mnaoamini jamii ina haki ya kumzuia mtu mzima kwa faida yake mwenyewe, naomba mnijibu: ni jambo gani ambalo hata ninyi mngesema hapa serikali isiguse, na mngelitenga kwa kigezo gani?