Laini ya bei nafuu ya muda mfupi kwa mtoto anayekwenda safari ya shule nje ya nchi

Mama Kitindamimba

Habari zenu, wazazi wenzangu. Binti yangu mwenye umri wa miaka 13 anatarajia kusafiri nje ya nchi pamoja na darasa lake kwa muda usiozidi wiki mbili. Shule imewaruhusu wanafunzi kubeba simu, kwa sharti kwamba zizimwe wakati wa ratiba na zikabidhiwe kwa walimu kila usiku. Laini yake ya hapa nyumbani inaweza kuunganishwa na huduma ya romingi, yaani kutumika kupitia mitandao ya nchi za nje, lakini nikitazama bei ya kila dakika na ya kila MB naona salio litateketea kabla hata hajafungua begi. Wakati huohuo nakutana na matangazo mengi ya laini za wasafiri zinazouzwa mtandaoni kwa bei za kuvutia, na nyingine zinataja kiasi cha data tu bila kusema lolote kuhusu kupiga simu.

Hitaji langu si kubwa: nataka aweze kunipigia, nami niweze kumpata, na mwalimu amfikie iwapo atatengana na wenzake. Simu anayotumia ni simu janja aliyorithi kwa kaka yake. Je, nilipie romingi, nimnunulie laini ya huko waendako, nichukue hizo za mtandaoni, au nimpe tu kitochi na kumwachia simu janja nyumbani?

Fundi Simu

Mama, kabla ya kulinganisha bei ichunguze kwanza simu yenyewe, kwa sababu laini ya bei ya chini kuliko zote haitakuwa na faida ikiwa simu haiwezi kuipokea. Piga *#06# na itatokea orodha ya namba. IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, utaikuta katika kila simu, lakini ukiona pia namba ndefu iliyoandikwa EID, ujue simu hiyo inakubali laini ya kidijitali, yaani eSIM, ambayo huwekwa kwa kupiga picha msimbo wa QR bila kadi yoyote. Kisha chomeka laini ya kampuni nyingine, hata ya kuazima kwa jirani, ujaribu kupiga. Ikikataa na kudai msimbo wa kufungulia, simu hiyo imefungwa kwa mtandao mmoja, jambo la kawaida kwa simu zilizonunuliwa kwa mkataba, na itabidi kampuni iliyoiuza iifungue kabla ya safari.

Kuhusu kitochi, ningekuwa mwangalifu. Vingi vinategemea mitandao ya vizazi vya zamani, ya 2G au 3G, nayo inazimwa nchi baada ya nchi. Singapore ilizima 2G mwaka 2017 na 3G mwaka 2024, Australia ilifunga 3G mwaka huohuo wa 2024, na kampuni kubwa za Marekani zilizima 3G ndani ya mwaka 2022. Hata simu janja ya zamani inaweza kupata data ya 4G na bado ishindwe kupiga simu ya kawaida, kwa kuwa upigaji wake ulitegemea 3G. Tafuta kwenye mipangilio ya simu kipengele cha VoLTE, yaani kupiga simu ya kawaida kupitia 4G. Kama hakipo, uliza kwanza hali ya mitandao ya nchi wanayokwenda.

Na hayo matangazo yanayotaja data tu yanamaanisha hivyo hivyo yalivyosema. Laini nyingi za wasafiri hazina namba ya simu, kwa hiyo mtoto ataweza kupiga kupitia WhatsApp, lakini hawezi kuipigia simu ya mezani ya hoteli wala mwalimu ambaye data yake imekatika. Hapo ndipo unafuu mwingi unapotoka.

Baba wa Mapacha

Namuunga mkono Fundi, ila sioni sababu ya kuitupa kabisa laini ya nyumbani. Simu ikiwa na nafasi ya laini mbili, iache ya nyumbani humo ndani kwa ajili ya dharura pekee, na ya pili, ya data tu, ibebe mazungumzo ya kila siku. Romingi ni ghali inapotumika ovyo, lakini dakika mbili za simu ya dharura hazimfilisi mtu.

Masharti yake ni haya. Zima data ya romingi kwenye laini ya nyumbani kabla hajapanda ndege, kwa sababu masasisho ya programu na picha zinazojihifadhi zenyewe mtandaoni hula data bila mtoto kugusa chochote. Mweleze kwamba katika romingi mara nyingi hata anayepokea simu hutozwa, hivyo asipokee namba asizozijua. Ondoa pia huduma ya kisanduku cha sauti, maana simu isiyopokelewa akiwa nje inaweza kurudishwa nyumbani kwenda kwenye kisanduku hicho na kutozwa pande zote mbili. Ujumbe mfupi anaopokea kwa kawaida hautozwi, lakini jambo hilo liulize kwa kampuni yako badala ya kulichukulia kuwa hakika.

Jambo moja zaidi: WhatsApp ikigundua laini mpya inaweza kumuuliza kama anataka kubadilisha namba. Ajibu kwamba anabaki na ya zamani, la sivyo makundi yote na wazazi wote watamwona kwa namba ambayo itakufa akirudi.

Kama safari inapita nchi kadhaa za Umoja wa Ulaya, hesabu inabadilika kidogo. Tangu Juni 2017, laini ya kampuni ya nchi mojawapo ya umoja huo hutumika katika nchi nyingine wanachama bila nyongeza ya bei ya romingi, kwa kiwango cha matumizi ya kawaida. Ila Uswisi haimo, na simu huweza kunasa mnara wa ng'ambo ya mpaka bila taarifa.

Mwalimu Mlezi

Nimezoea kusindikiza wanafunzi katika safari kama hizi, na ningependa kuongeza yale yanayoonekana upande wetu.

Kununua laini ya kadi baada ya kutua ni mpango unaopendeza kwenye karatasi tu. Nchi nyingi hudai usajili kwa pasipoti, nyingine hazimuuzii mtoto laini kwa jina lake, na wakati huo basi linasubiri huku darasa zima likiwa limesimama na mizigo. Mzazi anayetaka laini ya huko aitafute mapema, au achague eSIM aiweke akiwa bado nyumbani penye intaneti. Asome pia muda wa kifurushi unaanza lini: baadhi huanza kuhesabu siku pale laini inapowekwa, na nyingine pale inaponasa mtandao wa nchi ya ugenini. Na mtoto aonywe asiifute akidhani anapunguza vitu kwenye simu, kwa sababu nyingi huwekwa mara moja tu.

Namba zote zihifadhiwe kwa alama ya + na msimbo wa nchi. Kila safari hatukosi mwanafunzi anayejaribu kumpigia mama yake kwa namba inayoanza na sifuri, kisha analia kwamba simu ni mbovu. Ikiwa laini ina namba ya siri ya PIN, akikosea mara tatu itajifunga na kudai PUK, yaani msimbo wa kuifungua laini, hivyo mzazi abaki na PUK hiyo. Namba za walimu na za hoteli ziandikwe pia kwenye karatasi ndani ya mfuko wa nguo, si wa begi, kwa maana begi mara nyingi hubaki kwenye basi.

Ombi langu la mwisho ni kwa wazazi: tukubaliane saa moja ya kupiga, ikiwezekana kabla ya chakula cha jioni. Mtoto asiyepokea saa nne asubuhi yuko kwenye ratiba, hajapotea.

Mama Kitindamimba

Nawashukuru sana nyote. Nimepiga *#06# na EID imeonekana. Laini ya mdogo wangu nayo imekubali kupiga, na VoLTE ipo. Kwa hiyo naelekea kwenye pendekezo la Baba wa Mapacha: laini ya nyumbani ibaki kwa dharura, na eSIM ya data iwe ya mazungumzo ya kila jioni. Swali lililobaki ni kiasi cha data. Vifurushi vinaanzia GB 1 na kuendelea hadi visivyo na kikomo, na muuzaji anasisitiza nichukue kikubwa.

Fundi Simu

Muuzaji lazima asisitize. Simu ya sauti kupitia WhatsApp kwa kawaida haifikii hata MB 1 kwa dakika, kwa hiyo GB 1 inatosha zaidi ya saa 15 za mazungumzo. Kinachomaliza data ni video, zile anazotazama na zile anazotuma. Kama hoteli ina Wi-Fi, picha zisubiri huko. Chukua GB 1, au kubwa inayofuata ikiwa utahitaji kumwona uso kila jioni, na uhakikishe kifurushi kinaweza kuongezwa ukiwa nyumbani kupitia akaunti yako, bila yeye kushika kadi ya benki.

Mkishaiweka, ingia kwenye mipangilio ya laini, chagua eSIM iwe laini ya data na ya nyumbani iwe ya simu za kawaida. Ruhusu data ya romingi kwa eSIM peke yake, kwa sababu laini nyingi za wasafiri huhitaji hivyo ili zifanye kazi. Kisha zima kipengele kinachoruhusu simu kuhamisha data kutoka laini moja kwenda nyingine mtandao unapodhoofika. Kikiachwa wazi, na romingi ya laini ya nyumbani ikawa haijazimwa, siku mtandao wa eSIM ukilegea simu itahamia kimyakimya kwenye ile ya gharama kubwa.