Jino la ukubwani linacheza: ning'oe au niliokoe?

Kisima_Moro
Wakuu, poleni na majukumu. Nina miaka 46, nipo Morogoro. Meno mawili ya mbele ya chini yanacheza. Moja ni kidogo tu, ukiligusa kwa ulimi ndiyo unalisikia. La pili linaenda mbele na kurudi, nikiona muhogo wa kuchoma naupisha. Maumivu hakuna, ila fizi zinatoka damu nikipiga mswaki, na harufu ya mdomo asubuhi mke wangu siku hizi hanifichi.

Kliniki ya kwanza walichungulia, wakasema yote mawili yang'olewe niwekewe ya bandia. Ya pili walipiga picha, wakasema mfupa umeshuka lakini haujaisha, kwa hiyo nisafishwe chini ya fizi halafu meno yafungwe pamoja na ya jirani. Bei ya hawa wa pili ni mara kadhaa ya wale wa kwanza. Nataka kulinganisha kabla sijatoa hela. Mliong'oa, mnaonaje sasa? Mliookoa, lilidumu? Naomba hoja, msiniambie nimwachie Mungu. Nawasilisha.

Mzaramo_wa_Kigogo
Ng'oa mkuu, usijitese. Jino likianza kucheza ukubwani ndiyo limeaga hivyo. Mimi gego lilinisumbua nikawa natafunia upande mmoja, kila harusi nakula wali na mchuzi tu. Lilipotoka ndipo nikakumbuka nyama choma ina ladha gani. Hayo ya kufungafunga meno ni ya wenye bima nene.

TabibuMstaafu
Mzaramo, gego lako lilistahili kutoka, lakini usilitumie kuhukumu meno ya mwenzio. Nimefanya kazi ya meno hospitali za wilaya, na nawaambia jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi: wengi waliokuja na jino linalocheza waling'olewa kwa sababu vifaa vya kuokoa havikuwepo na foleni ilikuwa imefika getini. Mtaani ikabaki imani kwamba jino likicheza dawa ni koleo.

Kisima, kabla ya kuchagua, jua linacheza kwa nini. Jino limeshikwa kwenye mfupa na nyuzi ndogo sana, fizi ni kifuniko tu. Kwa mtu mzima, mara nyingi kinacholegeza ni ugonjwa wa fizi: ukoga unaachwa, unakuwa ugaga mgumu, fizi inavimba na kuachia jino, mfupa unaliwa taratibu bila maumivu. Damu na harufu ulizozitaja zinaelekea huko. Lakini zipo sababu nyingine. Jino lililokufa lenye usaha kwenye ncha ya mzizi nalo hucheza, na likisafishwa mzizi na kuzibwa huweza kukaza tena. Jino lililozibwa juujuu mno likawa linagongwa kila ukifunga mdomo hucheza pia, hapo tiba ni kulipunguza kimo. Kuna wanaosaga meno usiku. Mjamzito naye anaweza kuhisi meno yamelegea kidogo, na hali hiyo kwa kawaida huondoka baada ya kujifungua.

Kucheza kwenyewe tunakupima hivi. Kiwango cha kwanza, jino linasogea pembeni hadi milimita 1. Cha pili, linapita milimita 1. Cha tatu, linasogea na pia linazama ukilibonyeza kwa juu. Wewe kwa maelezo yako una jino la kiwango cha kwanza na jino la kiwango cha pili. Jino la kiwango cha tatu ndilo ambalo mara nyingi hata mimi ningeshauri litoke.

Muhimu zaidi ni mfupa uliobaki kwenye picha na kina cha mfuko kati ya fizi na jino. Mfuko wa milimita 1 hadi 3 ni wa kawaida. Ukifika 6 na kuendelea, kazi ni nzito. Kliniki ya kwanza walikupima mifuko? Walipiga picha? Kama hawakufanya lolote kati ya hayo, sijui uamuzi wao wameutoa wapi.

Kisima_Moro
Hawakupima mkuu. Walilitikisa kwa vidole tu.

BintiKarafuu
Mimi nashangaa mnaenda mbali. Amoksilini na metronidazoli dukani, mafuta ya karafuu kwenye pamba, sukutua maji ya chumvi. Wiki haiishi jino limekaa. Nimempa shangazi yangu akapona.

TabibuMstaafu
Bintikarafuu, shangazi yako alipata nafuu ya uvimbe. Vidonge vinatuliza vijidudu kwa muda, lakini ugaga ule mgumu chini ya fizi haukwanguliwi na kidonge, na ukibaki ugonjwa unarudi. Maji ya chumvi hayana ubaya. Mafuta ya karafuu yanatuliza maumivu kidogo, ila ukiyapaka mengi yanaunguza fizi. Na tafadhali, mtu asipewe metronidazoli huku anakunywa bia.

Mama_Nasra_Tanga
Mwanangu Kisima, mimi ni wa upande wa kuokoa. Meno yangu manne ya chini yalikuwa yanacheza, nikapelekwa na binti yangu. Daktari kabla hajashika chochote aliniuliza kama nakojoa sana usiku. Nikamwambia naam. Akanituma kupima sukari, ikakutwa ipo juu na mimi sina habari. Kumbe fizi zilikuwa zinasema. Nikaanza dawa za kisukari, nikasafishwa chini ya fizi kwa ganzi, upande mmoja kwanza halafu mwingine. Baadaye yakafungwa kwa uzi mwembamba na dawa ile ya kuzibia, kwa nyuma, ukicheka hauonekani.

Yapo hadi leo. Hayajawa magumu kama ya ujana, sikudanganyi, mahindi ya kuchoma napukuchua kwa mkono. Lakini ni yangu. Gharama ambayo hukuambiwa ni hii: kila baada ya miezi mitatu hivi narudi kusafishwa, na kila usiku napitisha vijiburashi vidogo katikati ya meno. Ukiwa mvivu usianze, utatupa hela.

Dereva_Chalinze
Tusichanganye mambo wakuu, kuna kucheza kwa ugonjwa na kucheza kwa ajali. Mimi nilianguka na bodaboda, jino la juu la mbele likasogea nje likawa linaning'inia. Jamaa waliokuwepo wakataka kulivuta. Hospitali walilirudisha mahali pake, wakalifunga na majirani kwa waya laini wiki mbili, nikala uji na ndizi za kuponda. Lilishika vizuri. Baadaye likaanza kubadilika rangi, wakasema ndani limekufa, likasafishwa mzizi. Bado nalitumia.

TabibuMstaafu
Asante Dereva. La ajali ni la haraka, likiwahiwa huokoka mara nyingi. Na hata likitoka lote, kama ni la ukubwani, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi, lisuuze kidogo kama lina mchanga, lirudishe kwenye tundu au liweke ndani ya maziwa na ukimbie hospitali ndani ya saa moja. Usilifunge kwenye karatasi likauke. La mtoto, la utoto, halirudishwi.

Mwana_wa_Mtwapa
Jamani nami niongee kwa niaba ya wanaong'oa, maana naona tumegeuka kuwa wabaya. Babangu huku Mombasa alipigania gego moja kwa muda mrefu. Lilikuwa linazama ukilibonyeza, usaha kila baada ya muda, vidonge, nafuu, usaha tena. Pesa za hizo safari zote zingetosha kung'oa na kuweka bandia na chenji ibaki. Mbaya zaidi, picha ilionyesha mfupa wa jino la jirani nao umeanza kuliwa. Gego lilipotolewa, jirani lilitibiwa likatulia. Kuna jino ambalo ukiling'ang'ania linaondoka na wenzake.

TabibuMstaafu
Hiyo hoja ni nzito, na ndiyo ninayokubali upande wa kung'oa: jino lisilo na mfupa, lenye usaha unaojirudia na linalotishia jirani, litoke. Gego kuna ugumu wake pia, lina mizizi miwili au mitatu na ugonjwa ukiingia kwenye maungio ya mizizi kusafisha ni kazi. Meno ya mbele ya chini ya Kisima yana mzizi mmoja mmoja, ni rahisi kuyafikia na ni rahisi kuyafunga pamoja.

Kisima_Moro
Sasa nieleweshwe upande wa pili. Nikiyang'oa, pengo nalizibaje? Kule walisema "ya bandia" tu.

TabibuMstaafu
Hapo ndipo bei ya kwanza inapoacha kuwa rahisi. Kung'oa ni bei ndogo, pengo ndilo lina gharama.

Ya kuvaa na kuvua ni nafuu kuliko zote. Inakaa juu ya fizi, unaizoea taratibu, na kwa kuwa mfupa wa pengo unaendelea kupungua hasa mwaka wa kwanza, itakuja kulegea na kuhitaji kurekebishwa. Daraja la kudumu, yaani meno ya bandia yasiyovuliwa, linategemea meno ya jirani, mara nyingi yanasagwa ili yavishwe kofia. Kwako, kama jirani nao mfupa umeshuka, unajenga juu ya nguzo mbovu. Implanti, yaani skrubu inayopandikizwa badala ya mzizi, inashika kwenye mfupa wenyewe na ni nzuri, lakini kwetu ni mamilioni ya shilingi, na mwenye ugonjwa wa fizi usiotibiwa au mvutaji sigara ana hatari kubwa zaidi ya kuipoteza. Ujue pia kwamba hata ukichagua implanti, fizi za meno yaliyobaki utatibiwa vilevile. Kusafisha hukukwepi popote.

Ipo na njia moja wengi hawaijui. Jino la mbele la chini likilazimika kutoka, daktari anaweza kukata mzizi, akachukua kichwa cha jino lako mwenyewe na kukigandisha kwa majirani kwa uzi uleule wa kufungia. Rangi na umbo ni vyako. Hakidumu milele, lakini kinakuvusha, na kwa mtu anayekutana na wateja kila siku kina maana.

Mzaramo_wa_Kigogo
Hiyo ya kugandisha jino langu mwenyewe sijawahi kuisikia. Mimi nilikaa na pengo, na gego la juu siku hizi naona kama linashuka kulifuata.

TabibuMstaafu
Siyo macho yako, linashuka kweli. Jino lisilo na mwenzake wa kukutana naye husogea. Lionyeshe.

Juma_Kimya
Na kama mtu halifanyi chochote? Nasubiri langu lidondoke lenyewe, hela ya daktari nanunua mbolea.

TabibuMstaafu
Linaweza kudondoka, lakini mfupa litakaoula njiani haurudi, na ndio huo ambao bandia ingehitaji. Kuna jambo jingine linanifanya nisipende "kusubiri". Jino moja likicheza bila damu wala ugaga, au taya likiwa linavimba, au mdomo wa chini ukiwa na ganzi isiyo na sababu, hiyo usiipeleke kwa mng'oaji kabla ya picha ya taya. Uvimbe wa ndani ya taya, hata saratani, huweza kuanza kwa kulegeza jino, na ukiling'oa tu unachelewesha jibu.

Mama_Nasra_Tanga
Na yule anayetumia dawa za kuyeyusha damu asiziache kimyakimya ili ang'olewe. Jirani yangu alizikatiza mwenyewe, daktari akamgombeza. Unasema unazitumia, wao wanajua la kufanya.

TabibuMstaafu
Kweli kabisa mama. Pia wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa, za sindano au vidonge, waseme mapema, maana kidonda cha kung'oa kwa baadhi yao hugoma kupona.

Kisima_Moro
Nimewaelewa wakuu. Sukari sijawahi kupima, naanzia hapo. Sigara navuta, sikuiandika mwanzo. Ninaelekea kwenye kuokoa, ila la pili lina wasiwasi. Je, nisafishe yote halafu niamue, au nilitoe hilo moja kabisa nibaki na la kwanza?

TabibuMstaafu
Safisha kwanza. Uvimbe ukiisha, fizi hubana, na jino lililokuwa linacheza sana huweza kushuka kiwango hata kama mfupa haujarudi. Lipimwe upya baada ya wiki 6 hadi 12. Likibaki vilevile, mfuko mrefu na usaha, hapo litoe ukiwa na uhakika, na kichwa chake kigandishwe. Kufunga kwenyewe hakutibu ugonjwa, kunakupa raha ya kutafuna tu, kwa hiyo mtu asikufungie kabla hajasafisha. Sigara ndiyo mpinzani wako mkubwa, fizi za mvutaji hupona polepole na hata damu hutoka kidogo, ukadhani umepona.

Ukirudi kliniki ya pili omba wakuandikie kina cha mifuko jino kwa jino, na uliza bei ya ziara za marudio kabla hujakubali. Bima yako ya aina gani?

Kisima_Moro
Ya kazini, kifurushi cha chini. Kesho nawapigia kuuliza kama kusafisha chini ya fizi kumo. Nikipata picha nafuta jina langu, naipandisha hapa.