Ulinganisho: kumtoa nje kwa saa, kumtandikia maboksi ndani, au kumlaza kwenye kizimba?

Mkaaji wa Himbi, Goma (mwenye swali)

Ndugu zangu, amani kwenu. Jumamosi iliyopita tulipokea mtoto wa mbwa dume mwenye majuma tisa, na tangu siku hiyo sakafu yetu ya saruji haijakauka. Tumepanga vyumba viwili juu ya ngazi, katika parseli (kiwanja) ya kaya nne, na ua wote ni mawe ya lava yaliyopondwa, bila nyasi. Mimi hurudi kutoka kazini mchana, watoto nao huwa shuleni, kwa hiyo asubuhi mbwa hubaki na mama yangu, ambaye magoti hayamruhusu kushuka ngazi kila mara. Nimetajiwa njia tatu, nazo ni kumtoa nje kwa saa maalumu, kumtandikia maboksi ndani mpaka akue, na kumlaza kwenye kizimba ili ajifunze kujizuia. Naomba waliozijaribu wanilinganishie, wakikumbuka kwamba maji tunayanunua kwa bidoni (madumu).

Mfugaji wa Katindo, Goma

Ndugu wa Himbi, nimelea mbwa wanne katika mji huu, na wote niliwafundisha kwa kuwatoa nje tangu siku ya kwanza. Hiyo ndiyo njia ninayoisimamia, kwa kuwa mbwa hajifunzi jambo moja leo na kulazimika kulisahau kesho. Mtoto wa umri huo hutolewa mara anapoamka, mara anapomaliza kucheza, na dakika chache baada ya kula, maana chakula kinapoingia tumboni utumbo huanza kusukuma kilichomo. Katikati ya nyakati hizo, usimwache apitishe saa mbili. Ukimlisha mara tatu kwa saa zisizobadilika, badala ya kumwachia sahani siku nzima, utaweza kukisia haja kubwa itakuja wakati gani.

Hata hivyo, ua wako wa lava unastahili kufikiriwa peke yake. Mbwa huchagua mahali kwa harufu na kwa kile anachokihisi chini ya nyayo. Mbwa wangu wa pili alikuwa akikanyaga yale mawe makali, anainua mguu mmoja, anainua wa pili, kisha anarudi mbio kukojoa jikoni. Kwa majuma mawili nilimwita mkaidi, na hadi leo naona uchungu kwamba nilimkaripia kwa sababu ya maumivu yake mwenyewe. Siku nilipomwaga mabeseni matatu ya udongo kwenye pembe ya ua, na juu yake nikaweka kitambaa nilichopangusia mkojo wake, alielewa ndani ya siku nne. Anapomaliza tu, mpe sambaza mkavu mmoja, yule samaki mdogo wa ziwani, palepale. Ukingoja mpaka mrudi ndani, ataamini kwamba anatuzwa kwa kuingia nyumbani.

Mama wa Ndosho, Goma

Ninamheshimu ndugu wa Katindo, lakini ratiba yake inahitaji mtu mwenye miguu mizima nyumbani, na mwenye swali ametuambia wazi hali ya mama yake. Mimi nilikuwa peke yangu na mtoto mchanga mgongoni, nikachagua maboksi. Katoni iliyofunguliwa hunyonya mkojo vizuri kuliko gazeti, haipeperuki, na dukani huipata bure au kwa franka kidogo. Nilitandika katoni tatu, nikapunguza hadi moja, kisha nikaisogeza kidogokidogo mpaka kizingitini na hatimaye nje.

Gharama yake nitaisema bila kuficha. Mbwa aliyezoea katoni huona kwamba kitu chochote bapa kilichowekwa chini ni choo. Wangu alikojolea mkeka, akakojolea daftari za mkubwa wangu, na hakutulia kabisa mpaka mwezi wa tano, ilhali mbwa wa jirani aliyetolewa nje tangu mwanzo alikuwa amemaliza kabla ya hapo. Kwa nyumba yenye mtu wa kumtoa, nisingeipendekeza.

Mkaaji wa Nguba, Bukavu

Kizimba kinafaa kwa usiku tu. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, na hilo hufanya kazi ikiwa nafasi inamtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Ikiwa kubwa zaidi, atalala upande mmoja na kujisaidia upande wa pili. Kipimo tulichokitumia ni umri wa miezi, ukiongeza moja, kuwa saa nyingi kabisa anazoweza kujizuia mchana. Huyu wa miezi miwili hafikishi zaidi ya saa tatu. Anayemfungia asubuhi nzima anamlazimisha kulalia mkojo wake, na mbwa aliyekwisha kuzoea hilo ni mgumu sana kumfundisha kwa njia yoyote. Ukimwagiza seremala, mwambie sakafu iwe ya kutolewa na ifunikwe kwa plastiki nene, kwa sababu ubao ukishanyonya mkojo harufu haitoki tena.

Mwanafunzi wa utabibu wa mifugo, Goma

Naongeza mambo yanayogusa njia zote. Msipanguse mkojo kwa javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Ikikutana na mkojo hutoa hewa inayowasha macho na kifua, tena haiondoi harufu ambayo mbwa anaifuata. Kausheni kwanza kwa kitambaa, osheni kwa sabuni na maji kidogo, kisha mpake siki iliyochanganywa na maji. Nusu lita inatosha, hamhitaji bidoni nzima.

Pili, mtoto huyu hajamaliza chanjo, na virusi vya parvo, vinavyoua watoto wa mbwa kwa kuharisha, hukaa udongoni kwa miezi mingi. Ajisaidie ndani ya parseli yenu tu, wala si barabarani wapitapo mbwa wa watu, mpaka amalize dozi zake, ambazo kwa kawaida hurudiwa hadi afikishe majuma kumi na sita. Kinyesi kiokotwe siku hiyohiyo, kwa kuwa mayai ya minyoo huhitaji siku kadhaa nje kabla ya kuweza kuambukiza, na watoto wa kaya nne wanacheza humo.

Mfugaji wa Katindo, Goma

Nakubali kuhusu usiku, na nakubali kuhusu mama. Ila wasimsugue pua kwenye mkojo, kama majirani watakavyowashauri. Atajifunza kujificha nyuma ya kitanda, hatajifunza kutoka nje.

Mkaaji wa Himbi, Goma (mwenye swali)

Nawashukuru kwa moyo wote. Leo ni siku ya ishirini na tatu. Tulimwaga udongo nyuma ya choo cha ua. Mimi humtoa kabla ya kwenda kazini, na watoto humtoa wakirudi. Asubuhi mama hutumia beseni pana lenye udongo uleule, lililowekwa mlangoni, wala si katoni, ili nyayo za mbwa zisijifunze kitu kingine. Usiku hulala kizimbani karibu na kitanda changu, akilia mara moja. Juma hili amechafua ndani mara mbili, zote mvua ilipokuwa kubwa na udongo umegeuka tope. Kesho fundi anakuja kupigilia bati juu ya ile pembe.